Miti ya Kupewa

Kuna watu wanaozaliwa wakikubali, na kuna Asekon. Kule Kaaleng alikozaliwa, mama yake alikuwa akisema mtoto huyu ukimwambia jua limechomoza upande ule, atatoka nje kwanza akahakikishe. Siku wajumbe walipokuja kumposa kutoka pande za Kakuma, wazee wakiwa wamekaa na mambo ya mifugo yamekwisha kusemwa, yeye alijitokeza akauliza swali ambalo bibi arusi haulizi. Alitaka kujua huko anakopelekwa mbuzi wanakula nini wakati wa kiangazi.

Wajumbe walitazamana. Baadaye mmoja wao akajibu kwamba familia ya bwana arusi ina ekwar ukingoni mwa mto Tarach, na Asekon akasema sawa, basi atakwenda.

Mpita njia akiitazama Turkana huona mchanga, mawe na upepo, akadhani ardhi haina mwenyewe. Amekosea. Nyanda ni za wote, hilo kweli. Lakini kando ya laga, mto wa msimu, pale migunga mikubwa inapoteremsha mizizi kuyafuata maji yaliyojificha chini ya mchanga, kila kipande kina wenyewe, na kipande hicho ndicho ekwar. Mwenye ekwar hana hati wala mawe ya mpaka. Ana haki ya miti na ya kile inachodondosha, hasa maganda yanayoitwa ngitit. Mbuzi akipata ngitit, hutoa maziwa mwezi ambao mbuzi wa jirani hana nguvu ya kusimama.

Hata huyo mwenye ekwar ni mwenye wa kupewa. Wiki chache baada ya arusi, baba mkwe wake, mzee Lopeyok, aliwachukua Asekon na mumewe Lomenen, akawatembeza mti kwa mti, miti kumi na mmoja, akigonga kila shina kwa fimbo. Aliwaambia wasivimbe kichwa. Yeye alipewa na baba yake, na baba yake alipewa na wazee wa ukoo, na ukoo ulipewa na nani, hilo wamuulize Mungu. Masharti yalikuwa matatu. Mti mbichi haukatwi. Ganda halitikiswi kabla ya kuiva. Na mwenye njaa akija kuomba, husikilizwa. Anayeomba huja na tumbaku mkononi. Tumbaku hiyo si bei, maana haitoshi hata kununua kwato. Ni namna ya kusema: najua miti hii ina mtu, na mtu huyo ni wewe.

Lomenen hakuishi sana. Kala-azar ilimvimbisha tumbo, ikammaliza wakiwa njiani kwenda hospitali, akamwachia Asekon mabinti wawili na mbuzi. Lokorio, mdogo wake Lomenen, akaja kumrithi mjane kama desturi inavyoruhusu. Asekon alimwambia mbele za watu kwamba atamheshimu kama kaka yake, lakini chakula akale kwa mke wake. Watu walicheka. Lokorio hakucheka, na nadhani hadi leo hajacheka. Mzee Lopeyok alisema tu kwamba miti ibaki pale ilipo, kwa mjane na watoto.

Miaka ikaenda. Kambi ya wakimbizi ikapanuka hadi ikawa inapumua kwenye shingo ya ekwar, na kila nyumba ya kambini ilipika kwa kuni. Wanawake wa Kiturkana waliokutana na wakimbizi msituni waliwapiga, na wakimbizi nao walikuja kwa makundi ili wasipigwe. Asekon alikuwa na shida yake mwenyewe. Akiwafuata mbuzi kaskazini, huku nyuma wachoma makaa wanaimaliza miti yake. Miti mitatu ya upande wa kambi ilikuwa imeshaanza kukatwa matawi, na mtu mmoja hawezi kuwa sehemu mbili.

Asubuhi moja alimkuta mwanamke mrefu juu ya mgunga wake wa mwisho, panga mkononi, tawi bichi limekatwa nusu. Asekon alimteremsha kwa maneno ambayo sitayaandika, akamnyang'anya panga. Yule mwanamke hakukimbia. Alikaa chini, akakunja miguu.

"Piga tu," alisema kwa Kiswahili cha kambini. "Lakini panga usichukue. Hiyo panga si ya mimi, nimepewa na jirani, na yeye amepewa na shemeji yake. Nikirudi bila panga, tunagombana watu watatu."

Asekon alikuwa ameshainua fimbo. Akaishusha, kwa sababu kitu alichokisikia alikuwa anakijua. Akamuuliza jina. Aliitwa Adau, Mdinka wa pande za Bor, aliyevuka mpaka akiwa msichana na sasa alikuwa na watoto wanne na mume ambaye habari zake zilikoma. Walikaa pale mpaka kivuli kikahama. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Asekon hakuingoja siku ya tatu. Alimrudishia panga lile lile pamoja na kazi.

Alimpa miti mitatu ya upande wa kambi. Hakumpa iwe yake, maana haikuwa yake Asekon pia. Alimpa aishike. Kuni kavu zilizoanguka ni za Adau. Maganda ya miti ile mitatu ni ya Adau, auze au agawe. Na ardhi iliyo kati ya mashina, laga likifurika na kuacha udongo mzuri, apande bamia na mtama. Kwa upande wake, Adau ataiwekea ua wa miiba ya mathenge na kuilinda miti yote kumi na mmoja wakati Asekon yuko mbali na mbuzi. Na kila mwaka, kabla ya kutikisa ganda la kwanza, ataleta tumbaku. Yale masharti matatu ya mzee Lopeyok, Asekon aliyasema yote, moja moja, akigonga shina kwa fimbo kama alivyogongewa yeye.

Jioni ile ile alikwenda kumwambia mzee. Lopeyok macho yalikuwa yamekwisha, lakini kichwa kilikuwa kizima. Alisikiliza, akauliza kama huyo mgeni ana mikono ya kazi, akaambiwa anayo. Akasema aliyepewa anaweza kupa, mradi asitoe zaidi ya alichopewa. Kisha akadai tumbaku. Mwaka uliofuata alikufa, na maneno yale hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote. Hapo ndipo kosa lilipo. Asekon angepaswa kuyapeleka kwa wazee wengine wakiwa wamekaa, wayasikie, na hakufanya hivyo. Alidhani neno la mzee linatosha, kama kwamba wazee hawafi.

Majirani walisema sana. Walisema Asekon amewauzia wakimbizi Turkana nzima, atauza na laga. Asekon aliwajibu kwamba kama wanaona wivu, walete mikono yao wakalinde. Hakuna aliyeleta. Adau alilinda. Wachoma makaa walipokuja na msumeno, watu wazima wanne, alikaa juu ya mzizi na kukataa kuondoka. Walimwambia we mkimbizi, mti huu unakuhusu nini. Alisema nimepewa. Walimburuta mpaka mkono ukateguka, naye akarudi akakaa tena, hadi watu wa boma la jirani waliposikia kelele wakaja. Mkono ule haukunyooka tena vizuri. Miti iko.

Kisha ikaja lami. Barabara ya kutoka Lodwar hadi Kakuma ilipotandazwa, mahali ambapo zamani lori lilikuwa linalala siku mbili kwenye matope pakawa pa saa chache tu, na kila aliyekuwa na kipande karibu na barabara akaanza kusimama kwa namna mpya. Lokorio naye alisimama. Alikuwa amekuwa mtu wa kamati, mwenye koti hata jua la saa saba, na kalamu mbili mfukoni.

Habari zilimfikia Asekon kwa mtu asiyetegemewa. Siku moja alikuja Suldan, mfanyabiashara Msomali wa Kakuma mwenye malori, akashuka kwenye gari, akasimama katikati ya bamia za Adau akiwa na karatasi mkononi na uso wa mtu aliyepotea. Aliuliza kwa adabu hapa ni kwa nani. Adau akamwita Asekon. Suldan aliwaeleza kwamba anatafuta uwanja wa kulaza malori, kwamba Lokorio amemwonyesha hapa, na kwamba barua ilishapelekwa Lodwar, kwenye ofisi ya mambo ya ardhi, ili ukoo uandikishe kipande hiki kisha Lokorio amkodishie. Akawasomea. Barua ilisema ardhi ni tupu, haina mtu anayeitumia, ina vichaka tu.

"Mama, mimi nimeambiwa ni tupu," Suldan alisema. "Hii bamia si tupu. Nyinyi muongee, mimi nangoja. Lakini singoji mwaka."

Asekon hakulala na hasira hiyo. Alikwenda kwa Lokorio mchana huo huo, akamkuta mbele ya nyumba yake ya mabati. Lokorio alimkaribisha vizuri, na ukaribisho huo ulimtisha kuliko ugomvi. Alimweleza taratibu kama mtu anayemwonea huruma. Wewe, alisema, ulipewa miti uwanyweshe watoto maziwa. Ukaichukua ukaikata vipande, ukampa mtu wa nchi nyingine, bila mzee yeyote kujua. Aliyepewa hana haki ya kupa. Nikilipeleka hilo mbele ya wazee, utanyang'anywa yote kumi na mmoja, kwa sababu umevunja ulichopewa. Kisha akasogeza kigoda karibu na kutoa pendekezo lake.

"Shemeji, mimi sitaki uhangaike. Sema tu huyo mwanamke aliingia kwa nguvu. Sema ni mwizi. Hiyo mitatu inatoka, Suldan anapata uwanja wake, wewe unabaki na minane na mimi nakuandikia. Ni neno moja tu."

Na kusema kweli, Asekon aliogopa. Mbuzi wake walikuwa thelathini na kitu, na bila maganda ya Tarach kiangazi kimoja kingewamaliza. Mabinti walikuwa wameshaolewa mbali, na uzee ulikuwa unamwita kwa jina. Minane ni mingi. Mwenye nguvu mpishe, wanasema, na waliosema hawakuwa wajinga. Alikung'uta vumbi kwenye shuka yake, na Lokorio akadhani amekubali, akaanza kutabasamu.

"Mimi nilimpa," Asekon alisema. "Hakuingia. Ita wazee wako."

Wazee waliitwa. Walikaa kwenye baraza ya ofisi ya naibu wa chifu, chini ya mabati yanayoungua, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na subira. Aliyeongoza alikuwa mzee Lomuria, ambaye sikio moja lilikuwa halisikii na la pili lilisikia lilichotaka. Wawili walibishana kwanza juu ya nani alipaswa kuleta chai. Karani wa naibu wa chifu alikuwa na daftari kwa sababu ofisi ya Lodwar ilitaka muhtasari ulioandikwa. Adau alikaa mwisho kabisa, nje ya kivuli, mkono wake uliopinda juu ya goti.

Lokorio alisema vizuri, simnyimi haki yake. Alisema ekwar ni ya nyumba ya Lopeyok, na yeye ndiye mwanamume wa nyumba hiyo aliyebaki. Alisema mjane ameshika kwa niaba ya nyumba, na anayeshika kwa niaba hagawi. Leo amempa Mdinka, kesho Mdinka atampa mwingine, huyo mwingine atampa wa tatu, mwisho mtu ataamka akute miti ya babu yake imeshikwa na watu asiowajua hata majina. Wazee wakatikisa vichwa wakikubali, kwa sababu hofu hiyo kila mmoja alikuwa nayo nyumbani kwake. Asekon aliona vichwa vinavyotikisika.

Mzee Lomuria akamgeukia. Alimwambia hataki hotuba, anataka jibu. Mwanamke yule ni mgeni uliyemweka, au ni mtu aliyeingia? Kama aliingia, ekwar haijavunjwa, atoke, mambo yaishe kabla jua halijatuua. Kama ulimweka wewe, bila sisi kujua, basi una neno la kujibu. Karani akanyanyua kalamu. Lokorio alikuwa anamtazama Asekon, na bila sauti alimwonyesha vidole vinane.

"Nilimweka mimi," Asekon alisema. "Nilimwonyesha mti kwa mti. Mzee Lopeyok alijua na alikubali, lakini amekufa, kwa hiyo mimi sina shahidi. Kosa la kutowaambia ni langu. Kama mnachukua, chukueni yote kumi na mmoja. Huyu simwiti mwizi. Mkono wake uliteguka kwa miti yetu, wa kwenu uko wapi?"

Hapo paliinuka maneno. Mzee mmoja alisema mwanamke huyu hana adabu, mwingine alisema hana tangu zamani, walikuwa wamesahau? Lomuria aliwanyamazisha kwa kugonga sakafu. Alisema yeye hamjui mzee Lopeyok aliyekubali gizani, anamjua anayeonekana. Akamwita Adau aje ndani ya kivuli, akamuuliza kitu kimoja. Wewe ukishika miti ya watu, unaonyesha nini kwamba unajua si yako?

Adau alisema kila mwaka anapeleka tumbaku kwa Asekon, na hajakosa mwaka. Lomuria akauliza kama kuna mtu mwingine ameona tumbaku hiyo. Adau alitazama chini, kisha akamtazama Lokorio, na Asekon aliyemjua kwa miaka mingi aliona anapambana na kitu.

"Mzee, kuna neno mimi nilikataa kusema," Adau alisema mwishowe. "Ni aibu ya mtu mzima, na mimi si mtu wa kuaibisha. Ule mwaka wa ukame mkubwa, Asekon alikuwa ameenda mbali na mbuzi. Huyu baba, Lokorio, alikuja na mbuzi wake wamebaki mifupa. Alisimama nje ya ua. Aliniita, hakuingia. Alinipa tumbaku, akaomba atikise maganda ya ile mitatu. Nikampa. Alitikisa siku tisa. Alisema nisiambie Asekon, na mimi sikuambia."

Vichwa vyote vya barazani vikaelekea kwa Lokorio. Asekon mwenyewe alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza. Aligeuka kumtazama shemeji yake, na hakuona adui, aliona mtu aliyekamatwa na adabu yake mwenyewe. Maana Lokorio angeweza kuingia tu. Miti ilikuwa ya baba yake, ua ulikuwa wa miiba, na aliyekuwa ndani alikuwa mkimbizi mwenye mkono mmoja mzima. Lakini alikuwa amelelewa na Lopeyok, na mtu aliyelelewa hivyo hatikisi mgunga ulio na mtu kabla ya kutoa tumbaku. Mkono mtupu haulambwi, na wake haukuwa mtupu.

Lomuria aliuliza kama ni kweli. Hapa nitamsifu Lokorio, ingawa simpendi. Karani alikuwa anaandika, hakuna aliyemwona siku ile ya tumbaku, na neno lilikuwa la mgeni dhidi ya mtu wa kamati. Angeweza kukana na wazee wangeshukuru.

"Ni kweli," alisema. "Mbuzi walikuwa wanakufa."

Basi, Lomuria alisema, umeomba kwake. Ulipoomba kwake ulisema ni mwenye kushika, maana hakuna mtu anayempa mwizi tumbaku. Na ukisema yeye ameshika, umesema aliyempa alikuwa na haki ya kumpa. Ulishatoa hukumu hii wewe mwenyewe kabla yetu, na ukala matunda yake siku tisa. Wazee wengine wakaguna, na hata wale waliotikisa vichwa mwanzoni sasa walikuwa wanatazama sakafu. Wakakubaliana. Adau ashike mitatu kutoka kwa Asekon, Asekon ashike kumi na mmoja kutoka nyumba ya Lopeyok, na Lokorio kama mtu wa nyumba hiyo asitoe hata kivuli bila hao wawili. Mti mbichi usikatwe, si kwa makaa wala kwa malori. Suldan atafute uwanja kwenye mawe, mawe yako mengi.

Kisha wakamtoza Asekon mbuzi mmoja kwa kugawa bila kuwaambia. Alikwenda mwenyewe akachagua. Walitegemea kibeberu cha mwisho, na aliwaletea yule mkubwa kuliko wote, akawaambia wamle vizuri ili wasisahau walichokula. Hakuna aliyemjibu, lakini walimla.

Ilibaki Lodwar. Karani aliandika muhtasari, wazee wakatia dole gumba, na Asekon akakataa kuutuma kwa mtu. Alipanda gari la abiria, probox, asubuhi na mapema, ameukunja muhtasari ndani ya shuka yake, akafika Lodwar joto likiwa limeshakaa. Ofisi ilikuwa na foleni. Alipofikiwa, karani msichana, mpole, kucha zimepakwa rangi, alianza kumweleza kwa Kiingereza. Asekon akamwomba aseme maneno yanayoweza kurudi naye Kakuma.

Msichana akabadilisha. Alisema muhtasari ni mzuri na barua ya mwanzo ile ya ardhi tupu itasimamishwa. Lakini kuna shida moja. Kwenye orodha ya wanaotumia kipande hicho majina ni matatu, na la tatu ni la mkimbizi. Huyu hana kitambulisho cha Kenya, ana kadi ya ukimbizi, na fomu haina mahali pake. Alishauri kwa nia njema kabisa. Wafute jina la tatu, wabaki Lokorio na Asekon, na faili lipite leo bila matatizo.

"Kama lake halikai, toa na langu," Asekon alisema.

"Mama, nikitoa lako atabaki Lokorio peke yake. Si ndicho alichotaka?"

Hilo lilimsimamisha. Foleni ilikuwa inakohoa nyuma yake. Aliona wazi kwamba ukaidi wake, ule uliomfikisha pale, ungeweza kumpa Lokorio kwa mkono wake mwenyewe kile ambacho wazee walimnyima. Na aliona vilevile kwamba akiruhusu jina moja lifutwe kwa nia njema, hakutakuwa na siku atakayoweza kumtazama Adau bila kuona mahali lilipofutwa. Akavuta kiti kilichokuwa kando, akakaa bila kukaribishwa.

"Hiyo fomu ni ya kwenu," alisema. "Hii karatasi ya wazee ni ya nani?"

Karani alisema ni ya wazee. Haibadilishwi, inapokelewa tu na kuambatanishwa.

"Fomu ngoja nayo. Sitii dole leo. Hii ya wazee ipokee kama ilivyo, na majina yote matatu. Mkitaka kuandikisha, mtaanza na hii, na mtaikuta na Adau ndani."

Msichana alifikiri, akaenda kumuuliza mkubwa wake chumba cha ndani, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema inawezekana. Hakuahidi kwamba jina litakubaliwa, alisema tu kwamba litaonekana na kila atakayelifungua faili. Akachukua muhuri wa kupokea, akaupeleka pembeni mwa karatasi palipo wazi.

Asekon aliweka kiganja pale pembeni, akafunika.

"Hapa chini," alisema, na kuelekeza kwa kidole mstari ambao hakuweza kuusoma lakini aliujua ulipo, kwa sababu alimwangalia karani wa Kakuma akiuandika. "Juu ya huyu."

Karani akasema wino utafunika jina. Asekon akasema usilifunike lote. Muhuri ukashuka, ukaacha duara la zambarau, na jina likabaki linasomeka katikati.

"Sasa nisomee."

"Adau," karani alisoma.

"Kwa sauti," Asekon alimwambia. "Hawa wa nyuma nao wasikie."

Msichana akatazama foleni, akasafisha koo, na kulisoma tena.